Mlango Uliooshwa kwa Sabuni

Gaspari,

Nimempiga mdogo wako Anselimu mpaka ameomba maji. Nimempiga kama anavyopigwa nyoka, bila kuuliza ukoo wake.

Haya, si kweli. Nilimpata kwa fimbo moja tu, begani, naye akanivunja pua. Maji niliomba mimi.

Sikiliza ilivyokuwa. Siku ya kuondoa matanga nyumba yako hapa Kimironko ilijaa watu na pombe ya mtama. Anselimu, na usafi wake ule wa kuudhi, akaona aibu wageni waukute mlango wako sebuleni. Ule wa nyumba ya zamani ya matofali kule Nyabugogo, alikozaliwa binti yako Imakulata, ambayo tingatinga liliichuna paa kama mbuzi aliye hai. Uliichora nyumba juu ya mlango wake wenyewe: ukuta kwa vumbi la matofali yake, paa kwa vigae vyake ulivyovivunja ukavibandika, vilima vya nyuma kwa mavi ya ndama na majivu. Ikabaki buluu ya dirisha tu. Ukarudi kwenye gofu kuikwangua ukutani, nami nakuita utoke, nakuita, na ukuta ukakulalia. Tulipokutoa, kucha zako zilikuwa za buluu. Basi. Siendelei hapo.

Anselimu akauliza, "Picha gani hii inanuka ng'ombe?" Akautoa uani na ndoo, sabuni ya unga na brashi ya choo. Yewe Gaspari, alivisugua vile vilima kama anayembandua mtu ngozi. Maji yakapitia vumbi la matofali, yakatoka mekundu. Nikaona unauawa mara ya pili, na shangazi zako wanampongeza muuaji kwa usafi. Fimbo ikanyanyuka yenyewe.

Tuliangukia ndoo, wazee wawili, tunang'atana kama mbwa wa sokoni. Damu ya pua yangu ikaruka mpaka kwenye vigae. Imakulata akatutenganisha kwa mateke, mimi la mbavu, baba yake mdogo la tumbo. Huyo ni wako, hata nani aseme nini. Kisha akaukumbatia mlango na maji yake yote, akasema, "Nyumba yetu imebaki hii tu." Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Ukuta na paa vimepona. Vilima vimekwenda. Na kazi ya kuvirudisha amenipa mimi, eti ndiye niliyekuwa nakukorogea rangi. Kukoroga nilikoroga, ila jicho lilikuwa kwenye chupa yako, si kwenye kopo. Nimejaribu juu ya ubao mwingine kwanza. Rangi imekauka ikapasuka kama kisigino changu.

Lala, mshenzi wangu. Pua ikipona au isipopona, maji hayataugusa tena mlango huo nikiwa hai, nakuahidi. Lakini kutoka Nyabugogo mpaka hapa niliupandisha mimi mgongoni, wewe umebeba kofia yako. Nakudai. Njoo ndotoni mara moja tu uniambie: kwenye kopo yanatangulia majivu, au mavi?