Safu Nzima Imekaa Kitako

Auckland, 9 Mei 1996

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo Bibi. Habari za kijiji chetu cha Safotu? Kifua kimepungua? Mimi ni mzima, ila usingizi sina.

Bibi, nimepata! Miaka yote hii kwenye opera, hii michezo ya kuimbwa, nimesimama nyuma ya wenzangu, mara mtawa, mara kijakazi, mara muuza maua, nafungua kinywa pamoja na kundi. Julai hii naimba mbele, peke yangu. Mimi ndiye mke wa mlinzi wa mnara wa taa. Mume wangu anazama baharini, nami mwishoni nakufa kwa huzuni huku naimba. Mwalimu wangu wa sauti anasema noti za juu sasa zinatoka zenyewe, sizisukumi tena. Na atakuwepo Mjerumani mmoja anayetafuta soprano wa kuajiri kwenye jumba lao la opera. Akinipenda, nakwenda.

Mjomba Petelo amesema atawaleta nyote. Njooni, maana bila ninyi hata kupanda jukwaani sitaweza. Ila nakupigia magoti, Bibi: huku si ukumbi wa kanisa. Msisimame. Msipige kelele. Asitokee mtu wa kunifanyia aiuli, kunirukia pembeni na kujifanya kichekesho ili mimi nionekane malkia. Huku mtu akiimba, wengine wanakaa kimya. Ukiruka wewe, watamwita polisi, na Mjerumani atarudi kwao. Niahidi.

Mjukuu wako akupendaye,
Ianeta

Safotu, 25 Mei 1996

Ianeta wangu,

Salamu zikukute umeshiba. Kifua kimepona, mdomo wenyewe haukuwahi kuugua. Anayeandika ni Lupe, mke wa mchungaji, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa nazi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie sukari.

Nimefurahi hadi nimempiga Eseta mgongoni akamwaga chai yote. Eti mdogo wangu huyo anauliza kama utavaa viatu. Lakini mambo ya huko yananishangaza. Mtoto anasimama mbele ya watu, anatoa roho yake yote, na hakuna hata shangazi mmoja wa kumrukia pembeni? Huyo kwetu ni yatima. Ulipoimba Jumapili ya watoto, meno ya mbele huna, si niliruka mpaka kilemba kikamwangukia shemasi?

Haya. Umesema tusisimame, hatusimami. Umesema kimya, kimya. Nimewakusanya wote nikawaambia, atakayeinua makalio kwenye kiti nitamshughulikia hukohuko Auckland, Wazungu wakitazama. Eseta akauliza, "Hata kukohoa?" Nikamwambia, "Kimeze."

Imba, mwanangu. Sisi tutakuwa mawe.

Bibi yako,
Matalena

Auckland, 2 Agosti 1996

Bibi,

Natumaini mlifika nyumbani salama. Mimi ni mzima.

Mjerumani amenichukua. Mkataba ni wa miaka miwili, naondoka mwezi wa pili.

Nilitaka nisiseme, lakini nasema. Pazia lilipofunguliwa tena mwishoni, ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Watu nisiowajua wanalia, wanapiga makofi, wanaita jina langu vibaya lakini wanaliita. Nikatafuta safu yenu. Safu nzima, nguo nyeupe za Jumapili, imekaa kitako. Mikono mapajani. Wewe katikati, uso kama ukuta. Hata kofi moja, Bibi.

Nikajua nimewaudhi. Labda ni lile busu la jukwaani. Labda ni kwa kuwa niliacha kwaya ya kanisa nikafuata nyimbo hizi. Sikuweza kuwatazama, nikatokea mlango wa nyuma.

Krismasi sitakuja. Nitaondokea hukuhuku. Siwezi kuja kuwaaga watu walionionea aibu.

Ianeta

Safotu, 20 Agosti 1996

Wewe Ianeta,

Hali yako siulizi, naijua: umejikunyata kitandani unajihurumia. Yangu ni hasira tupu. Lupe anaandika huku anacheka na mimi namtazama kwa jicho baya.

Kwanza, neno "mjukuu wako" halikuwepo mwisho wa barua. Lupe ameigeuza karatasi akalitafuta hata upande wa pili. Usinifanyie hivyo tena.

Sasa niambie. Nani alisema tusisimame? Nani alisema kelele ni mwiko, tutaitiwa polisi? Ni jirani?

Ulipoimba pale dirishani, ukimngoja mumeo, bwana mmoja mbele yetu akaanza kupiga makofi. Nikasema moyoni, maskini, huyu anatolewa nje sasa hivi. Mikono ya Petelo ikaanza kupanda, nikamfinya. Eseta alikuwa ameshajaza kitambaa kinywani, machozi yanamtoka, pumzi hana. Kisha ukalala chini ukafa. Mgonjwa gani ana pumzi ya kuimba vile, sijui, lakini niliamini! Nilitaka nipande nikufunike shuka.

Mara ukumbi wote ukainuka, wanapiga mayowe kuliko sisi. Petelo akaninong'oneza, "Mama, wamesimama."

Nikamwambia, "Wao hawakuahidi."

Umesikia? Tulikaa kwa sababu uliomba. Tangu nimzae mama yako sijafanya kazi ngumu kama ile ya kukaa kwenye kiti. Huo uso kama ukuta ulikuwa unazuia mafuriko.

Eti busu! Yule kijana alikubusu kama anayepuliza jiko. Eseta anauliza kama ana mke.

Tulikungoja mlango wa mbele na magimbi yako, na majani yake kwa tui la nazi, mpaka taa zikazimwa. Fungu lako kalila mlinzi wa ukumbi, na kalisifu. Nikawaza: mtoto sasa ni wa wakubwa, anaona haya mikeka yetu. Petelo akataka kupiga simu, nikamkataza. Nikasema aliyetukimbia kwa mlango wa nyuma hapigiwi simu. Nami niliumia, unajua? Au wewe peke yako ndiye una moyo?

Sasa sikiliza. Ukitaka kwenda Ujerumani bila kuja, nenda. Kukulaani siwezi, kinywa kinakataa. Lakini miaka miwili yako si sawa na miaka miwili yangu. Njoo nikutazame.

Bibi yako, utake usitake,
Matalena

Auckland, 3 Septemba 1996

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena, na salamu kwa Bibi Eseta: ana mke, na watoto wanne.

Barua yako nimeisoma chumba cha mavazi, wigi kichwani. Nimecheka likaanguka. Kisha nikalia, na dada wa vipodozi akanisonya akaanza uso wangu upya. Mimi mjinga niliwaeleza yote ya katikati nikasahau kuwaambia kuwa mwishoni watu husimama na kushangilia. Nikawahukumu kwa kunitii. Nisamehe, Bibi.

Nakuja Krismasi. Mwambie Mama Lupe nauomba ukumbi wa kanisa na kinanda chake, hata kama kile kitufe bado kinanata. Nitaimba kifo chote, tangu dirishani mpaka chini. Na safari hii sina sharti kwa mtu.

Mjukuu wako, mjukuu wako, mjukuu wako,
Ianeta

Safotu, 9 Februari 1997

Ianeta wangu,

Barua ikukute Ujerumani umevaa soksi. Goti langu bado limevimba tangu ile Krismasi uliyotuimbia, linafanana na kichwa cha Petelo. Nimelala mkekani, Eseta analikanda kwa mafuta ya nazi na kunitukana. Muuguzi aliuliza, "Mama, ulianguka?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu alikuwa anakufa, nikaruka." Hakuuliza tena.

Mchungaji bado anawaza kama ni halali kumrukia mtu anayekufa kwa huzuni. Ajibiwe na aliyepanda juu ya meza siku ile. Lupe amekataa kuandika ni nani, basi naacha.

Mimi nilikuona. Pale chini umekufa, mimi nazunguka na ufagio, kucheka kukakupata mbavuni, tumbo linatikisika, na ile noti ya juu haikutetereka. Ikapanda tu. Hapo nikajua wamekuajiri kwa haki.

Siku ya kukuaga bandarini sikulia. Nililia nyumbani, nyuma ya jiko, na kuku wakanishangaa.

Huko hakuna atakayekurukia. Usiwachukie, hawakufundishwa. Wana makofi yao, yapokee. Na kama watakuua jukwaani kila Jumamosi, sawa, ndiyo kazi yako na unaiweza. Kufa vizuri. Lakini pazia likishafungwa, mwanangu, inuka ukale.

Bibi yako,
Matalena