Nani Ataitika Lusu?

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo, dada. Macho ya mama yanaendeleaje? Na sukari je, bado mnapanga foleni dukani? Mimi ni mzima huku Ulaya, ila roho haitulii. Tangu asubuhi naandika mstari, nainuka, nazunguka chumba, mpaka mwenzangu wa kazi ameniuliza kama nimekalia siafu.

Kilichonitibua ni kazi yenyewe. Hapa chuoni nashughulika na kompyuta zilizounganishwa kwa waya ili zipelekeane habari. Kuna habari zisizokwenda kwa mmoja wala kwa wote. Zinakwenda kwa kundi, yaani kwa zile tu zilizosema zimo. Kwenye waya unaoingia kila chumba kuna mashine, tuiite bawabu. Kila baada ya muda bawabu anauliza, "Humu yumo wa kundi hili?" Ikiitika moja tu, imetosha. Nyingine zikiisikia zinanyamaza, maana habari ikishaingia chumbani wote wataipata. Isipoitika hata moja, bawabu anafunga na haleti tena.

Juzi chumba chetu kilikatiwa habari hizo. Kompyuta iliyozoea kuitika ilizimwa ikahamishwa. Zilizobaki zilikuwa bado zimo kundini, lakini tulizipa maagizo mabaya: zikishasikia mwenzao ameitika, zisiseme tena kamwe. Bawabu akauliza, kimya. Mwenzangu alicheka sana, "Zote zinasikiliza, hakuna anayesema!" Mimi sikucheka. Niliikumbuka Lusu, kijiji chetu.

Si unajua kabla ya mvua mwenyekiti wa kijiji anavyosimama mkutanoni na kuita nyumba moja moja? Akisema, "Nyumba ya marehemu Kasanda, mpo?" mtu wetu mmoja hujibu, "Tupo!" na shamba la baba linabaki letu. Pakiwa kimya, anapewa mwingine. Miaka yote aliyeitika ni ndugu yetu Masanja, sisi wengine tukastarehe. Sasa kaenda Igunga kuwa utingo wa lori la pamba, na ameniandikia, "Dada yuko Tabora, si mbali, ataenda." Wewe uliniandikia, "Shija anafanya kazi stesheni ya Tura, treni anapanda bure, aende yeye." Na ndugu yetu Shija naye, "Masanja hawezi kuliacha shamba la baba." Haya, nani anakwenda? Mama yuko hapo kwako anangoja macho yapone arudi akalime kando ya kaburi la mumewe. Naogopa, dada. Naogopa atakuta mpunga wa watu.

Nenda wewe. Panda basi la Nzega kabla mawingu hayajakusanyika, fika Lusu, simama, sema. Hata ukimkuta Masanja amekutangulia, itika tu. Wakiitika wawili hakuna kinachoharibika. Najua utanuna kwamba mdogo anakutuma kama mtoto, lakini nuna ukiwa ndani ya basi.

Mpe mama shikamoo zangu. Nisalimie shemeji fundi cherehani, mwambie koti alilonishonea ndilo linaloniokoa na baridi hii. Shangazi muuza vitumbua naye umwambie bado sijaoa, asianze.

Nimeandika barua hii moja tu, na ni yako. Masanja na Shija sikuwaandikia, wala usiwaambie. Nikiwaandikia nyote watatu, kila mmoja atadhani mwenzake keshakwenda.

Mdogo wako asiyetulia,
Mihayo