Salamu ya Kuinama

Habaswein

Kaka yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Goti linaendeleaje? Na mama, bado anakataa kupumzika mchana? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mwanangu Zubeda ameota meno mawili, na baba yake yuko visimani anatengeneza mitambo ya maji. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Kaka, lile darasa la karate nimelianzisha. Wasichana saba, uani kwetu, nyuma ya ukuta wa mabati, baada ya alasiri jua likipoa. Wanavaa suruali ndani ya dera. Siku ya kwanza niliwaanzisha vile ulivyonianzisha wewe pale Malindi: simama, miguu pamoja, mwinamie mwalimu. Tulivyozoea sisi, wala sikufikiri mara mbili.

Jirani yangu Mama Ifrah, muuza maziwa, alikuwa langoni amekuja kumchukua binti yake. Akaona watoto wote saba wameniinamia tena kumaliza darasa, nami nimesimama na Zubeda mgongoni.

"Abaayo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita dada huku, "mtoto yangu anafanya rukuu kwa nani?"

"Ni salamu tu, mama."

"Salamu ni ya mdomo. Hii ni ya Mungu beke yake."

Akamshika Ifrah mkono wakaenda. Kesho yake walikuja wawili, na mmoja alifuata kandambili zake alizosahau.

Siku tatu nilikuwa mnyonge. Unajua nilivyolitamani darasa hili. Tangu tuhamie huku najulikana kuwa mke wa fundi, basi. Siku ya nne nikamwendea kwake. Akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, akaniuliza bila hasira, "Kwani hiyo teke haitoki kama hujainama?"

Nikasema, "Inatoka."

"Basi." Akaweka birika chini. "Ifrah anasema unajua kutoka mtu akikushika. Toka."

Akanikamata kifundo cha mkono. Mkono wake umekamua mbuzi tangu utotoni; sikutoka. Ifrah alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Mara ya pili nikakumbuka kugeuza kuelekea kidole gumba chake, nikachomoka. Mama Ifrah akautazama mkono wake mtupu.

"Tena," akasema. "Bole bole, nione."

Sasa tunaanza tukiwa wima, mkono kifuani, tunapeana salaam. Jumamosi walikuja wanane. Wa nane ni Mama Ifrah, naye ndiye wa mwisho kuondoka.

Najua kwako kuinama ndiyo sheria ya kwanza. Kama nimekuvunjia heshima uniwie radhi, lakini sitairudisha.

Nisalimie wifi, na shangazi yetu msusi wa mikeka. Barua msomee mama, ila pale niliposhindwa kuchomoka uparuke. Mwambie mjukuu wake akiona darasa linaanza anakunja ngumi.

Nijibu hata mistari miwili, nijue kama bado mimi ni mwanafunzi wako.

Dada yako mdogo,
Mama Zubeda