Majina Yangu kwenye Simu za Watu

Jumatatu

Mwajuma mjukuu wangu, umesoma mpaka umepitiliza! Nani alikutuma uwagawie ukoo mzima majina yangu?

Ana nafasi aliyoikodi mtandaoni, anauzia khanga. Humohumo kaweka kalenda na kitabu cha namba za simu, eti simu yangu ikitumbukia tena kisimani majina yabaki. Sawa. Lakini kawapa watu wote neno la siri moja, na sasa majina niliyoyaandika mimi yanatokea kwenye simu zao wote.

Leo kaja mke wa mwanangu, simu mkononi.

"Shikamoo mama. Huyu 'Rehema Wali Bokoboko' ndiye mimi?"

"Marahaba. Nina akina Rehema wanne, nitawatofautishaje?"

Hakukaa hata kunywa maji.

Huyo atapoa. Ninayemhofia ni wifi yangu wa Horohoro. Tulinuniana miaka, tumepatana juzi tu, na humo nimemwandika "Wifi Mdomo". Ijumaa anakuja kwenye hitima ya marehemu mume wangu, na Mwajuma kamwahidi kumuunganisha na kitabu hicho.

Nimelifuta mara mbili. Linarudi kutoka kwenye simu za wengine.

Mwajuma, kesho kabla ya chai unitengee kitabu changu peke yangu. Na kwenye hicho cha ukoo, wifi mwandike kwa jina alilopewa na wazazi wake.