Kufukizia Chumba cha Salima

Jumatatu, 5 Mei

Nimeosha kidonda cha mwanangu Salima mapema. Maji ya chumvi, vitambaa safi, kisha vile vidonge vya kusaga ambavyo nesi alinifundisha kunyunyizia juu. Vitambaa vya jana nimevichoma nyuma ya choo. Titi la kushoto halipo tena, pana shimo. Hospitali wamesema nikae naye nyumbani. Maana yake naijua. Kwa hilo darasa langu la nne linatosha.

Harufu iko palepale. Naandika humu kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitagombana na mtaa mzima.

Mama Hamisi, jirani yetu, kaleta uji. Kaishia mlangoni, kanga puani. Eti ana haraka. Haraka ya nini, mtu anayeshinda barazani kwake akichambua mchele? Na huyo kasukana nywele na Salima tangu wasichana. Salima alimwona. Akaniuliza, "Mama, nanuka?" Nikamwambia hunuki, ni masika, ukuta umeota ukungu.

Chetezo cha mkaa nimeshakitupa uani. Udi mzuri, lakini moshi unamkohoza mpaka kidonda kinatoka damu.

Mwanangu anataka watu. Haulizi dawa, haulizi chakula. Anataka watu waingie, wakae, wamsengenye fulani na fulani kama zamani alipokuwa anachoma vitumbua pale njia ya Kilakala na kila mpita njia anasimama kucheka naye. Sasa anatazama pazia la mlango kutwa. Hakuna anayelifunua.

Jumanne, 6 Mei

Rukia, binti wa Salima, kaja na kidude cha umeme. Kina kikombe juu. Unatia kipande cha nta yenye manukato, inapashwa taratibu, inayeyuka, chumba kinanukia. "Bibi, hiki hakina moto, hakina moshi, kinampendeza mgonjwa." Anaongea kama muuza duka. Anafanya kazi saluni mjini, basi anajua kila kitu.

Kakichomeka. Nta ya vanila. Baada ya muda nyumba inanuka keki. Keki juu, uozo chini. Vimechanganyika, ndio mbaya zaidi. Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba. Salima kasema tu, "Kama sherehe ya mtoto iliyoharibika." Rukia akalia. Nikamwambia kulia hakufukizi chumba, chomoa.

Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua toka alfajiri, mlima wote umefunikwa. Umeme hakuna. Kile kidude kimekaa mezani kama kikombe cha kawaida. Ndicho hicho cha kisasa.

Nimekwenda sokoni na mwavuli uliovunjika, nimenunua kijungu cha udongo. Tumboni unaweka mshumaa mdogo, juu kina kisahani, nta inakaa hapo. Nimechagua nta ya mchaichai. Hakuna vanila humu ndani. Kinawaka mvua inyeshe, umeme ukatike. Harufu inatoka upesi, haisubiri.

Imesaidia. Wanawake wawili wa mtaa wameingia. Wameingia! Wamekaa kitandani kwa Salima, wakasema habari za mke mpya wa fundi baiskeli. Hawakukaa sana, lakini mwanangu kacheka, kaomba kioo na wanja. Nilisimama jikoni nikajifanya napuliza moto.

Jioni Rukia kaja, kaona pindo la chandarua limeungua. Kidogo tu, upepo ulisukuma. Kanipigia kelele ndani ya nyumba yangu. "Bibi utamchoma mama akiwa hai! Hawezi hata kunyanyuka!" Nikamwambia nimekaa na moto tangu babu yake hajaoa, hanifundishi. Kaondoka bila kuaga. Adabu hana.

Nimesogeza kijungu mbali na chandarua. Hajaniona.

Jumamosi, 10 Mei

Siku mbaya. Niandike upesi.

Asubuhi nta ya mchaichai imekwisha. Kidonda kimefunguka upande wa kwapani, harufu haijapata kuwa hivi. Salima kaniomba nimpake wanja, leo watakuja tena, alisema. Nikaona watakuja, watafika mlangoni, watageuka. Nikafungua sanduku langu. Mle mna sanda yangu na vitu vyangu vya kuondokea, nimeviweka miaka, maana nilijua nitakwenda mimi kwanza. Nikatoa karafuu maiti, ile ya kumtilia maiti akishaoshwa. Kali, safi, inakata harufu yoyote. Nikatia kwenye kisahani, nikawasha mshumaa, nikafungua dirisha na mlango.

Harufu mbaya iliondoka kabisa. Nikafurahi. Pua yangu imeharibika kwa wiki hizi, na akili pia. Sikufikiri kitu kingine.

Mtaa ulifikiri. Karafuu maiti ikitoka nyumba yenye mgonjwa, mtu yeyote hapa anajua maana yake. Mama Hamisi ndiye alianza, nilimsikia toka kwake, "Salima weee! Salima umetuacha!" Wakaja wanawake kanga kiunoni. Mikeka. Sufuria kubwa. Mchele wa Dakawa nusu gunia. Wanaume wakaanza kufunga turubai uani. Simu zilishapigwa mpaka Dumila. Mtu kamwita shehe.

Na mimi nimesimama na kijiko mkononi.

Salima akauliza, "Mama, wananililia mimi?" Mama Hamisi akaingia akilia, akafunua pazia, akakutana na macho yaliyopakwa wanja yanamtazama. Akakaa chini pu.

Niliwatukana. Niliwaambia, kumbe njia mnaijua. Kumbe mlango mnaweza kuupita. Kufa mmekuja mbio na masufuria, kuumwa mnaacha uji mlangoni kama mnalisha mbwa mkali. Shehe mwenyewe alitazama chini. Hakuna aliyeondoka, nadhani waliona aibu zaidi kuondoka kuliko kukaa.

Mchana akafika mzee Kibwana wa Dumila, Mzigua, mtani wetu. Kaja na jembe la kuchimbia kaburi, hiyo ndiyo kazi ya mtani. Alivyoambiwa marehemu yupo kitandani anakunywa chai, akaingia na jembe lake mpaka chumbani. "Wewe mwanamke, umeghairi? Nauli yangu nani atarudisha? Lala chini tumalize!" Wanawake wakashika midomo. Yeye akavuta hewa. "Na unanuka, Salima. Unanuka kweli. Lakini hata vitumbua vyako vilikuwa vinanuka mafuta ya juzi, na tulikula."

Nilitaka kumpiga na kijungu.

Salima alicheka. Alicheka mpaka akashika kidonda. "Mzigua mchafu wewe, ulikula vingapi hujalipa?" Hapo ndipo wote wakacheka, wengine huku wanalia. Wakapika ule mchele wa msiba. Wakala humu ndani, sahani magotini, karibu naye. Mama Hamisi alimsuka. Watu walijaa mpaka alasiri. Ndicho alichotaka mwanangu, na amekipata kwa njia hiyo.

Walipokwenda aliniambia, "Kumbe nanuka. Watu wote walijua, ila mimi." Kisha, "Yale mambo ya maiti usiniwekee tena. Nipo." Akageukia ukutani.

Jumapili, 11 Mei

Hasemi nami. Namwosha, hanitazami. Rukia ndiye anamlisha.

Turubai bado limefungwa uani. Linavuja upande mmoja. Hakuna aliyerudi kulifungua.

Jumanne, 13 Mei

Kasema. Kasema mambo ya vile vyombo vya kufukizia, si mengine. Mshumaa hataki, anauota umedondoka na yeye hawezi kukimbia. Alikuwa akiuogopa siku zote, kumbe, akaogopa zaidi kuniambia. Anataka cha umeme, kikae ukumbini, si chumbani. Nta ya mchaichai, kidogo. Kisifiche kitu, kinukie tu. Umeme ukikatika, basi, tufungue dirisha.

Nilikuwa na maneno mengi. Uniti za umeme zinakwisha, mvua inakata nyaya, kijungu kilifanya kazi. Nikayameza. Pua ni yake, chumba chake.

Rukia kakichomeka ukumbini. Hakusema "nilikwambia". Ingekuwa mimi ningesema.

Mama Hamisi kaja. Bila kanga puani. Niliona anavyomeza mate kwa harufu, lakini kakaa. Wale wengine hawajaonekana. Aibu ya Jumamosi imekwisha haraka.

Alhamisi, 15 Mei

Damu nyingi asubuhi. Nimebana na taulo, Rukia kashika miguu. Nesi kaja, kabadilisha dawa ya maumivu, kaniita pembeni. Nilimwambia usininong'onezee, mimi si mtoto. Akasema siku si nyingi. Nikamshukuru.

Rukia na mimi tumekaa kwenye ngazi ya jikoni. Hatukugombana. Alitaka kujua mama yake alikuwaje alipokuwa mdogo. Nikamwambia mkaidi, mlafi, hasikii. Akasema, "Kama wewe, Bibi." Nilimwacha.

Ijumaa, 16 Mei

Umeme umekatika tangu adhuhuri. Sikuwasha kitu. Dirisha wazi, mlima unaonekana leo, umeoshwa.

Salima analala tu, kwa ile dawa mpya. Akiamka hafungui macho, anauliza nani yupo. Namtajia wengine, mimi sijitaji. Asubuhi nilimtajia Rukia na Mama Hamisi. Mchana Mama Hamisi peke yake. Kila mara anaitikia kwa kichwa.

Sasa hivi kauliza tena. Rukia kaenda kuchota maji, Mama Hamisi kaenda kwake kupika. Nikamwambia nipo mimi.

Akasema, "Haya." Kalala.