Ulivyosimama Ukutani Keringet

Mum wangu,

Goti linaendeleaje? Huku Keringet baridi inauma mpaka masikio, na nimelishwa viazi, hizi waru za huku, mpaka nikaomba msamaha.

Ile video ya salamu zako ilionyeshwa jana kwenye ibada ya shukrani ya Auntie Rebeka. Wamama walitundika mablanketi kwenye madirisha ya kanisa ndio picha ya projekta ionekane. Fundi alipoifungua akaniangalia vibaya. "Madam, video ya projekta unalaza simu. Hii ulishika wima kama ya status!" Kweli, ulitokea katikati ya ukuta kama mtu amesimama kwenye mlango mwembamba, giza huku na huku. Nilitamani kuingia chini ya benchi. Dada yako amekungoja miaka yote hiyo, goti likakuzuia, halafu mimi nikaharibu hata salamu!

Lakini kwa vile nilishika simu wima, ulionekana mzima, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka malapa, karibu urefu wako wa kweli. Auntie akainuka, akaenda polepole mpaka mbele, akasimama kwenye lile giza, bega lake kwa bega lako. Uliposema, "Dada, niko hapa," akajibu kwa sauti, "Nakuona. Na umekuja kanisani na malapa!"

Watu walicheka huku wakipangusa macho.

Jipake dawa, Mum, nakupenda sana. Picha niliyowapiga mkiwa bega kwa bega iko upande wa pili wa kadi. Wa studio aliyeichapisha alitaka kukata hilo giza kando yako. Nikamwambia aangalie vizuri, kuna mtu.

Chebet wako