Baiskeli Niliyoifunga Bandeji

Mpendwa Mama Badria, naomba msaada wako maana nimechoka na sijui nimlaumu nani. Tarehe 2 Februari nilinunua baiskeli ya kijani, inang'aa hata ukiinama unajiona, naiendesha kutoka Buguruni hadi Kariakoo ninakofanya kazi kwenye duka la vitambaa, na kwa kuwa ukumbi wa nyumba tuliyopanga, ninamoiweka usiku, ni mwembamba na kila mpangaji ana jiko na ndoo zake humo, tarehe 1 Machi niliizungushia fremu yote mpira wa tyubu ya zamani, nikaukaza vizuri, hata mpangaji mwenzangu Fikirini akanicheka, "Bwana Athanas, imevunjika mguu hiyo? Mbona bandeji?"

Kila Jumapili naufungua mpira, naifuta fremu kwa kitambaa kikavu, naikagua, naandika kwenye shajara yangu, kisha naifunga tena. Mkwaruzo wa kwanza niliuona tarehe 9 Machi, na tangu hapo haijapita Jumapili bila mpya mmoja au miwili. Wapangaji wote nimewauliza, mmoja mmoja, mke wangu Selina nimemuuliza mara mbili, na wote wananitazama kama nimerukwa na akili.

Selina anauza mitumba Mchikichini. Jumanne tarehe 8 Aprili asubuhi, mvua inanyesha, aliniomba nimpakilie furushi lake kwenye keria, nikakataa kwa sababu kamba ya katani inakula rangi, akajitwika kichwani, akateleza kwenye tope, mguu ukateguka, majirani wakamrudisha nyumbani. Niliporudi kutoka kazini niliifungua baiskeli kwa kuwa ilikuwa imelowa, nikakuta mkwaruzo wa tisa, nikauandika.

Jumamosi Selina akaisoma shajara. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Tarehe nane umeandika mkwaruzo. Mimi niko ukurasa gani?" Akaenda kwa dada yake Upanga, anachechemea, na mpaka leo hajarudi.

Nifanye nini mikwaruzo ikome, na mke wangu arudi?

Athanas, Buguruni

MAMA BADRIA ANAJIBU

Athanas, umeuliza mikwaruzo kwanza, mke baadaye. Nimeliona hilo, na Selina aliliona kabla yangu.

Pole, kitu cha jasho lako kikichubuka kinauma. Lakini mtu wa tarehe kama wewe, mbona huzisomi? Februari nzima hakuna mkwaruzo hata mmoja, na ukumbi ni uleule, majiko ni yaleyale. Umefunga mpira tarehe mosi, tarehe tisa rangi imekwaruzika! Mchanga wa barabarani unaingia chini ya mpira, wewe unakaza, unaendesha, unasaga, halafu Jumapili unausugulia kwenye rangi kwa kitambaa kikavu. Mtu unayemtafuta mlango kwa mlango ni wewe. Waombe radhi wapangaji wenzako, ukianza na Fikirini.

Toa mpira wote leo. Mwagia fremu maji kwanza mchanga uondoke, ndipo uoshe kwa sabuni na kitambaa laini, uikaushe, upake nta ya magari. Bakiza vipande vidogo vya mpira pale waya za breki zinapogusa fremu tu, na uvisafishe kila wiki. Mnyororo wa kufuli uvishe soksi kuukuu. Mikwaruzo tisa izibe kwa rangi ya kucha ya kijani, Kariakoo imejaa tele.

Ila hayo yatasubiri. Nenda Upanga kwanza. Fungua shajara tarehe 8 Aprili, na chini ya huo mkwaruzo wako uandike kwa mkono wako: "Nilikataa furushi. Selina akaumia." Mpe asome, na wewe usijitetee hata kwa neno moja, wala usitaje kamba ya katani.

Akikubali kurudi, weka mto kwenye keria, mpandishe, mwendeshe taratibu hadi Buguruni. Na kiatu chake kikikwaruza fremu njiani, Athanas, tazama mbele uendelee kukanyaga pedali.